Aliyembeba Binti Radi

Vijana wangu, mmezoea kuniletea michoro yenu hapa barazani kwangu Kalangalala, na kila mkinionyesha shujaa mpya mwenye misuli na macho ya moto, mimi nauliza swali lilelile: rafiki yake yuko wapi? Mnacheka. Juzi mmoja wenu kasema bibi anamuulizia rafiki wa shujaa kana kwamba anataka kumwoza. Chekeni tu. Leo nawaandikia kwa nini nauliza, na mkimaliza mtaniambia kama bado mnacheka.

Sikusomea uchoraji. Niliajiriwa kama mpiga chapa katika ofisi moja ya Shinyanga mjini iliyotoa gazeti dogo la elimu ya watu wazima. Ilikuwa miaka ya sabini, kila kijiji kina darasa lake, na mama zetu walikuwa wakitoka shambani moja kwa moja kwenda kushika kalamu kwa vidole vilivyozoea jembe. Gazeti lenyewe lilikuwa karatasi chache zilizobanwa pini pembeni. Tulilitoa kwa mashine ya kudurufu, ile yenye pipa la kuzungusha kwa mkono, na mzungushaji alikuwa Mzee Athumani, mkuu wa chumba chetu. Babu yake alifika Shinyanga akitokea pwani na biashara ya nguo. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, changu kimejaa Kisukuma, na katika miaka yote aliyonirekebisha hakuwahi kunirekebisha mbele ya watu.

Ninyi mkikosea mnabonyeza kitufe. Sisi tulikuwa na stensili, karatasi laini iliyopakwa nta. Unaikwaruza kwa kalamu ya chuma, nta inatoka, na pale ilipotoka wino unapita. Ukikwaruza kidogo, picha haionekani. Ukikandamiza, karatasi inachanika na wino unamwagika. Ukikosea unapaka dawa nyekundu ya kusahihishia, unapuliza mpaka ikauke, kisha unachora upya juu yake. Dawa ilipotuishia tulitumia rangi ya kucha, na mke wa Mzee Athumani hakuacha kushangaa vichupa vyake vinakwenda wapi. Mvua niliichora kwa jino la kitana. Madoa ya khanga niliyapiga kwa kile kigurudumu chenye meno cha fundi cherehani, na nawaambia bila aibu, sijaona kompyuta inayotoa madoa mazuri kama yale.

Kurasa mbili za nyuma zilikuwa za hadithi ya picha, nazo zilikuwa zangu. Nilianza kwa kujaza nafasi iliyobaki, nikabaki humo miaka kumi na miwili. Shujaa wangu aliitwa Binti Radi. Alikuwa msichana wa Kisukuma aliyepigwa na radi utotoni akapata nguvu zisizo za kawaida: akinyanyua lori la pamba lililokwama matopeni, akiwahi treni, akizuia mafuriko kwa mgongo. Khanga aliifunga shingoni ikapepea nyuma yake. Mara ya kwanza niliichora khanga hiyo nyeusi yote, kwa kuwa niliona nyeusi ina heshima. Stensili ikachanika sehemu nzima ile, wino ukamwagika, na nakala zikatoka na donge moja la giza lenye miguu miwili. Mzee Athumani akainua moja dirishani.

"Kabula, huyu ni shujaa au gunia la mkaa?"

Ndipo nilipojifunza madoa.

Binti Radi hakupendwa mwanzoni. Matoleo matatu yalitoka, na kwenye barua za madarasani watu walitaja mafunzo ya mbolea na kuchemsha maji, yeye hawakumtaja hata kidogo. Nikamlalamikia Mzee Athumani. Akavua miwani.

"Akinyanyua hilo lori, nani anamwona?"

"Watu wote, Mzee. Si nimechora umati?"

"Watu wote si mtu. Mchoree mtu mmoja wa kumwona. Nguvu za shujaa wako hazimo mkononi mwake, binti yangu, zimo usoni mwa anayemtazama."

Hilo ndilo somo kubwa kuliko yote niliyopewa katika kazi hii, na nililipewa bure nikiwa na wino mpaka kwenye viwiko. Nikamchora Mbuke, rafiki wa Binti Radi tangu utotoni. Hakuwa na nguvu yoyote. Kazi yake ilikuwa kuuliza, kuogopa, kusahau ndoo kisimani, kusema "Binti Radi, mimi nadhani twende nyumbani." Sikumbuni. Nilimchukua mzima mzima kutoka kwa Minza, msichana tuliyekua naye kijijini kwetu upande wa Solwa. Minza alikuwa hasikii vizuri upande wa kushoto, kwa hiyo alikuwa akiinamisha kichwa ili akusikilize kwa sikio la kulia. Na ngata yake, ile ya kuwekea mtungi kichwani, alikuwa akiivaa mkononi kama bangili popote aendapo, hata kanisani. Mbuke naye nikampa kichwa kilichoinama na ngata mkononi. Minza mwenyewe sikumwomba ruhusa. Alikuwa ameshahama miaka kadhaa, inasemekana yuko Geita anawapikia wachimbaji, na hakuna aliyekuwa na habari zake kamili.

Barua zikaanza kuja kwa mafungu. Zote za Mbuke. Je, Mbuke ameolewa? Mbuke asikubali kwenda kule mtoni. Mwambieni Mbuke sikio hilo atie mafuta ya nyonyo ya uvuguvugu. Darasa moja la akina mama liliandika, kwa herufi kubwa zilizopinda, kwamba wao wakisoma sehemu ya Mbuke husoma wote kwa pamoja kwa sauti, na sehemu ya Binti Radi humwachia mwalimu.

Sasa nitasema jambo ambalo sikumwambia mtu wakati ule. Niliona wivu. Wivu wa mtu wa karatasi, niliyemchora mimi mwenyewe! Maana Binti Radi alikuwa mimi. Uso ule ulikuwa wangu, mwanya ule wangu, hata khanga ile ilikuwa khanga yangu. Nilikuwa nimejichora shujaa, na watu wakampenda aliyesimama pembeni.

Basi nikaamua Mbuke afe.

Nilijipa sababu za kitaalamu, kama mnavyojipa ninyi. Nikasema shujaa anahitaji uchungu ili awe mkubwa. Nikasema kichwa kile cha kuinama kinanisumbua kukichora. Mzee Athumani alitazama rasimu akasema neno moja tu, "Fikiri," nami nikajifanya nimefikiri. Nikamchora Mbuke kwenye mashimo ya dhahabu, shimo limebomoka, na picha ya mwisho yumo peke yake: amelala chali, kichwa kimeinama upande, macho amefumba, ngata iko mkononi.

Hapa ndipo ufundi wangu uliponiponza. Mistari mizito ya fremu ndiyo inayochana stensili haraka kuliko yote, na ile fremu ya picha ya mwisho ilianza kuachia. Nikaizimisha yote kwa rangi ya kucha nikaacha picha bila mpaka. Na toleo lile nafasi ilikuwa imebana, kwa hiyo picha ilikaa ubavuni mwa safu ya matangazo, chini kabisa ya kichwa kilichoandikwa TANZIA. Mimi niliona ukurasa umejaa vizuri. Niliupenda hata nikapeleka nyumbani nakala mbili.

Siku ya tisa baada ya toleo kutoka akaja ofisini shemeji yake Minza na baiskeli, vumbi hadi kwenye nyusi. Hakuketi.

"Kabula, wewe uko hapahapa na hujaja kwenye msiba?"

"Msiba wa nani?"

"Wa Minza. Si ninyi mmetangaza?"

Mama Minza alikuwa ndani ya darasa la kijijini, kiti cha mbele. Alikuwa amefika kwenye silabi. Akasoma mwenyewe, kwa kidole, ta-nzi-a, akaangalia chini yake akamwona mwanawe. Kichwa kilivyoinama, ngata mkononi, shimo nyuma yake. Na Geita si kwenye mashimo? Hakuna aliyemsomea. Alijisomea. Msiba ukawekwa, ng'ombe akachinjwa, mama akanyolewa nywele.

Nilikwenda siku ileile. Nilimkuta kaketi juu ya ngozi, kichwa cheupe, mdogo kuliko nilivyomjua. Nikapiga magoti nikamwambia, mama, ile ni hadithi, ni picha niliyoitunga mimi, Minza hajafa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kabula," akasema, "mimi nimejua kusoma kwa gazeti hilo. Limeniambia hii ni ba, ikawa ba. Limeniambia hii ni ma, ikawa ma. Halijanidanganya hata siku moja. Leo unaniambia linasema uongo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi sijui kusoma."

Akageuza uso. Shangazi yake Minza, mwanamke mrefu aliyekuwa akiamua mambo ya ukoo ule, akanishika bega akanitoa nje. "Kama yu hai mlete tumwone," akasema. "Kama huna wa kuleta, usirudi hapa na maneno."

Nilirudi ofisini nikamwambia Mzee Athumani kila kitu, na wivu pia nikausema. Hakunigombeza. Aliupangusa mkono wa mashine ambao ulikuwa umeshatakata.

"Mengine yote humu tunayafuta kwa rangi ya kucha," akasema. "Hili halifutiki hivyo. Nenda."

Nikapanda basi hadi Mwanza, nikavuka kwa kivuko cha Busisi, nikafika Geita nikiwa sina hakika namtafuta nani. Kwenye mashimo waliniambia Minza wa kichwa upande alishaacha kupika, yuko Nkome kwenye dagaa. Nikaenda Nkome. Mwalo ule, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, wakati huo ulikuwa mdogo, dagaa wameanikwa juu ya mchanga hadi unakosa pa kukanyaga. Nikaona mwanamke mnene ameinama anawageuza kwa fagio, ngata iko mkononi. Nikalia kabla sijamwita.

Akageuza kichwa, sikio la kulia mbele.

"Kabula? Mbona unalia juu ya dagaa zangu, zimeshatiwa chumvi."

Alinipeleka kibandani kwake akanipa ugali na sato. Nilimwambia habari. Ya kufa kwake ilimchekesha mpaka akashika mbavu. Nilipofika pale mama aliponyolewa, akaacha kucheka, akanyanyuka akatoa bunda la magazeti chini ya kitanda. Wachuuzi walikuwa wakija na magazeti ya zamani ya kufungia dagaa, na kila lenye Mbuke alilibadilisha kwa kipimo kimoja cha dagaa. Hakujua kusoma. Alijua kichwa chake tu.

Akafunua la chini kabisa, limelowa mafuta ya samaki. Lilikuwa toleo la siku ya radi: wasichana wawili wamekwenda kisimani, radi imepiga mti, mto umefurika, na Binti Radi anavuka akiwa amembeba Mbuke mgongoni.

"Huyu anayebebwa ni mimi?"

"Ndiyo."

"Na anayebeba ni wewe."

Vijana wangu, siku ile ilikuwepo kweli. Tulikuwa na miaka kumi na mmoja. Radi ilipiga mti tuliokuwa tumesimama karibu yake. Mimi nilizimia. Nilizinduka jioni nyumbani kwetu nikiwa nimefunikwa blanketi, sina hata mchubuko, na Minza yuko mlangoni anavuja damu sikioni.

"Ulikuwa mzito, Kabula," akasema. "Umelowa, husemi, maji yananifika hapa kifuani. Nakuita, nami mwenyewe sijisikii nikikuita. Nilidhani nabeba maiti."

"Minza, nisamehe."

"Nilipoiona mara ya kwanza nilisema, basi, Kabula amesahau, alikuwa amezimia. Kisha nikaangalia tena. Umeuchora mto. Aliyesahau asingeuchora mto."

Hakupandisha sauti. Alikuwa anakunja gazeti lile taratibu kwenye mikunjo yake ya zamani. Nimeonywa kazini, nimesutwa na ndugu, na nimezika mume. Siku niliyojiona mdogo kuliko zote ni ile, kibandani Nkome, na mfupa wa sato mkononi.

Nikamwomba turudi. Akakataa. Baba yake alikuwa amefariki miaka minne nyuma, na habari ilimfikia baada ya miezi miwili, msiba umeshaanuliwa. Tangu hapo hakuthubutu kwenda. "Nitaingia pale na uso gani?"

"Na huohuo. Mama hana mwingine anaoutaka."

Halafu akatoka akamwambia jirani amwanulie dagaa, akafunga mlango.

Tulifika kijijini saa nne asubuhi. Watoto walikimbia mbele wakipiga kelele, wengine walikimbilia vichakani. Tulipokaribia ua, shangazi akatoka na bakuli la maji yaliyochanganywa na unga, akatuzuia langoni. Kwa desturi ya ukoo wao, akasema, mtu aliyekwisha kuliliwa haingii nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Akiingia hivyo anaingia na kifo chake. Anaanza upya, kama mtoto mchanga, na mtoto mchanga huingia amebebwa mgongoni.

Watu wakatazamana. Minza alikuwa ameshiba samaki wa Nkome miaka mingi.

"Nani atambeba?" shangazi akauliza.

Sauti ya Mama Minza ikatoka ndani, kwenye ngozi. "Aliyemuua ndiye ambebe."

Nikafunga khanga yangu kiunoni, nikainama. Minza akapanda, akanizungushia mikono shingoni, na ile ngata ikanikwaruza shavu. Nikanyanyuka. Magoti yalilia kweli, walio karibu waliyasikia. Kutoka langoni hadi mlangoni hazikuwa hatua thelathini, ardhi kavu, tambarare, na mimi ni mtu mzima niliyekunywa chai. Hatua ya kumi nikayumba. Shangazi akaturushia maji ya unga yakaniingia machoni. Nyuma ya shingo yangu nikasikia Minza ananong'ona:

"Polepole, Binti Radi."

Watu wakacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nililia tu. Nililia kwa sababu nilikuwa nikiona mto ule ule, maji kifuani, na mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyekuwa na kila sababu ya kuniacha pale. Niliinama mlangoni tusigonge kizingiti, nikamshusha mbele ya mama yake. Mama Minza alimshika kichwa, akakiinamisha upande ule aliouzoea, akalishika lile sikio bovu akaliminya kama anayepima ubivu wa tunda. Kisha akanitazama.

"Wabeja," akasema, asante, na akaniagizia uji.

Nasikia mnauliza, na gazeti? Toleo lililofuata Mbuke alitolewa shimoni akiwa hai, na lilisomwa kuliko yote tuliyowahi kutoa. Safu ya tanzia tukaiwekea ukurasa wake peke yake, na fremu ya picha sikuiacha tena hata kama nimebaki na rangi ya kucha ya zambarau. Lakini ukurasa nilioutolea jasho ni ule wa siku ya radi. Niliuchora upya, mvua kwa jino la kitana, mto ukiwa umejaa, Mbuke anavuka na Binti Radi yuko mgongoni amezimia, khanga ya madoa inaburura majini. Mzee Athumani aliutazama sana.

"Sasa shujaa ni yupi?"

"Sijui, Mzee."

"Vizuri," akasema, akauweka kwenye pipa na kuanza kuzungusha.

Basi mkichora, fanyeni shujaa aruke, azuie treni, hayo ni rahisi. Kisha kaeni mjiulize aliyemjua kabla hajaruka yuko wapi, na mmemfanya nini ili shujaa wenu aonekane mrefu. Na kama ana uso wa mtu mnayemjua, nendeni mkamwombe.

Nakala ya kwanza ya ukurasa ule niliipeleka mwenyewe darasani kijijini. Mama Minza alikuwa amerudi kwenye kiti chake cha mbele, nywele zimeanza kuota, fupi na nyeupe, na Minza ameketi kando yake na daftari jipya. Mama akaweka kidole chini ya maneno, akaenda silabi kwa silabi, darasa zima kimya: Mbu-ke a-na-m-be-ba ra-fi-ki ya-ke. Akainua macho.

"Nimesoma sawa?"

"Sawa kabisa, mama."

Akarudisha kidole kwenye picha, juu ya yule aliyezimia.

"Na huyu anayebebwa ni nani?"

Darasa likajibu kwa pamoja, "Binti Radi!" Yeye hakuwageukia. Alikuwa bado ananitazama, anasubiri.

"Ni mimi, mama," nikasema.